Mwalimu Yakub Alio na Mawe ya Saynab

Wasifu uliosomwa katika hitima, Habaswein, Alhamisi tarehe 7 Mei 1998

Jumapili tarehe 3 Machi 1991, Mwalimu Yakub Alio Guleid alichukua mawe ambayo mkewe alikuwa ameyakusanya kwa ajili ya msingi wa nyumba, akayapanga kando ya barabara ya Wajir, mbele ya boma lake, kwa umbo la gamba la konokono. Mawe hayo yako pale pale hadi leo. Mkewe, Bi Saynab Abdullahi, naye yuko pale pale, katika kibanda cha miti na mikeka.

Mwalimu alizikwa Garissa siku ile ile aliyofariki, kama dini inavyoelekeza, na barabara ya kuja huku ilikuwa imekatwa na mafuriko. Wengi waliokaa hapa hawakupata kumzika. Ndiyo sababu maisha yake yanasomwa leo kwenye hitima, wala hayakusomwa kaburini. Tumeagizwa kutaja mema ya wafu wetu. Yaliyokuwapo yatatajwa. Yale yaliyobuniwa katika miezi hii karibu mitatu na wanaume wanaokaa mstari wa mbele hayatatajwa, na wao wanayajua.

Kitambulisho cha marehemu kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1940. Tarehe hiyo alipewa na karani, kama walivyopewa nusu ya wazee wa mji huu. Mama yake, marehemu Iftin, alikuwa akisema kwamba alimzaa wakati wa mvua, ngamia wakiwa ukingoni mwa kinamasi cha Lorian, na kwamba mtoto alilia kwa sauti hata wakafikiri ni wawili. Alikuwa mtoto wa pili wa Alio Guleid, mfugaji wa ngamia aliyejulikana kwa uchache wa maneno. Sifa hiyo haikurithiwa.

Alianza shule Wajir mwaka 1950, baada ya ukame kummalizia baba yake mifugo. Mwaka 1961 alikwenda Pwani kusomea ualimu, akarudi mwishoni mwa 1962 na cheti, viatu vyeusi, na gamba la konokono wa baharini lililopasuliwa katikati. Gamba hilo alipewa na mkufunzi wake wa uchoraji. Ndani yake palionekana vyumba vilivyofuatana, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko kilichotangulia, vyote vikizunguka chumba kimoja kidogo kama chembe ya mtama. Mwalimu alilihifadhi gamba hilo katika kitambaa kwa miaka thelathini na mitano. Hakuna kitu kingine alichokitunza kwa muda huo.

Alifundisha Bura, kisha Garissa kuanzia 1971, kisha Habaswein kuanzia 1979 hadi alipostaafu mwaka 1995. Alikuwa mwalimu mzuri. Somo lake la mzingo, yaani lile duara lisilojifunga bali hupanuka kila linapozunguka, lilijulikana katika shule zote tatu. Aliingia darasani na gamba lake, pembe ya tandala, na chombo cha maziwa kilichosukwa, kile tunachokiita haan, akakipindua ili watoto waone kitako. Kisha aliuliza vitu vitatu hivi vimeafikiana lini. Watoto wakatazama, wakaona, na jambo hilo hawakulisahau.

Siku moja, katika mwaka wake wa kwanza hapa, upepo ulizungusha vumbi uwanjani, nguzo ndefu ikapita mbele ya madirisha. Mwalimu akawaambia wanafunzi waichore. Msichana mmoja akaweka kalamu chini.

“Maalim, hiyo ni majini. Majini haichorwi.”

“Basi chora vumbi,” akasema Mwalimu, “majini waache wapite, wana safari yao.”

Darasa likacheka, na msichana akachora vumbi. Huyo ndiye Mwalimu Yakub ambaye familia inamlilia. Angeishia hapo, wasifu huu ungekuwa mfupi na wenye adabu zaidi.

Alimwoa Saynab, binti wa Abdullahi mfanyabiashara wa mifugo wa Garissa, mwezi wa Agosti 1968. Mungu aliwajalia watoto watatu: Amran, Abdiwali na Ramla. Bi Saynab alimfuata kila alikohamishwa, na kila mara alivunja kibanda, akakunja mikeka, akafunga miti, akajenga upya alikofika. Walipofika Habaswein alifungua mahali pa chai kando ya barabara na akatangaza kwamba amechoka. Alitaka nyumba isiyokunjwa.

Ila Habaswein ni vumbi tupu. Jiwe la kujengea liko Wajir, jeupe na zuri, na mtu wa kulileta huku ni dereva wa lori. Bi Saynab alifanya mapatano na madereva: aliyekunywa chai akielekea kaskazini, arudi na jiwe. Wengine walileta moja chini ya miguu ya utingo, wengine matatu kati ya mbuzi. Ilichukua kuanzia 1983 hadi mwisho wa 1990. Madereva waliyazoea hata wakawa wanamtania. “Mama Amran, unajenga nyumba ama unajenga Wajir nyingine?” Naye hujibu, “Wewe leta. Wajir ikiisha nitakwambia.” Aliyarundika nyuma ya boma. Kila mtu mjini alijua ni mawe ya nani. Neno hilo lisikike vizuri: kila mtu.

Mapema Machi 1991, Mwalimu alitaka kuwaonyesha darasa la nane mzingo mkubwa ambao mtoto angeweza kuutembea kwa miguu. Alimwambia mkewe anayaazima mawe kwa wiki moja.

“Usiniharibie,” akasema Bi Saynab.

“Jiwe linaharibiwa na kupangwa?”

“Jiwe hapana. Wewe ndiyo nakujua.”

Somo lilifanyika Jumatatu, na inasemekana lilikuwa somo bora la maisha yake. Watoto waliingia kupitia mdomo wa nje, wakazunguka, wakafika katikati, wakakuta hakuna kitu, wakatoka wakicheka. Alhamisi alasiri lori la sukari kutoka Garissa lilisimama. Dereva na watu wake, wageni wa barabara hii, waliona mawe meupe yaliyopangwa juu ya mchanga safi. Wakavua viatu, wakaingia, wakaelekea kaskazini, wakasali. Kwa sababu waliyafuata mawe, safu yao ilipinda.

“Msikiti gani hii,” mmoja akanung’unika, “safu imepinda kama mkia ya nge?”

“Sali wewe,” akasema mwenzake. “Mungu anajua kibla iko wapi.”

Wakamaliza, wakavaa viatu, wakaenda zao Wajir, na hawajui walichokifanya. Katika nchi yetu, msafiri akipanga mawe jangwani na kusali ndani yake, hapo ni msikiti. Hauna paa wala mlango, lakini hakuna atakayetoa jiwe hapo hata kama hana mafiga ya kupikia. Ni desturi nzuri, na imewafanya watu wetu wawe na mahali pa kusujudu kutoka Garissa hadi Mandera. Ila inahitaji mtu aliyepanga mawe awe aliyapanga kwa ajili hiyo. Kwingineko mtu angeuliza kwanza mawe ni ya nani. Hapa, Ijumaa asubuhi Bi Saynab alipokwenda na mkokoteni kuchukua mali yake, alikuta wanawake wanne wamesimama mbele ya mawe.

“Mama, hapo watu wamesali.”

“Wamesali juu ya nyumba yangu.”

“Astaghfirullah, Saynab. Jiwe ya msikiti utaweka jikoni?”

Akaenda kumwita mumewe. Wazee nao wakafika, na Mzee Awil, mwenye duka la jumla, akamuuliza Mwalimu mbele ya watu wote: “Maalim, hii kitu ni nini, na mawe ni ya nani?”

Jibu lilikuwa maneno matatu: ni ya Saynab. Mwalimu Yakub alijibu hadi adhuhuri. Alianza na konokono, akaja kwenye pembe, akapanda kwenye kimbunga cha vumbi, akashuka kwenye haan na kilemba, akafika kwenye nyota. Watu walinyamaza jinsi wanafunzi hawakuwahi kunyamaza. Na alipoona wamenyamaza, alifikia swali la mwisho akalijibu hivi: “Mawe yote ni ya Mungu.”

Ni kweli. Ngamia wote pia ni wa Mungu, na hakuna mwanamume aliyekaa hapa ambaye alijibu hivyo ngamia wake walipochukuliwa.

Tangu siku hiyo mawe yakaitwa Konokono, na kila aliyepita aliyapa maana. Katika ukame wa 1992 wanawake waliyazunguka wakiomba mvua. Mvua ilipokuja, kwa wakati wake kama ijavyo, Konokono ikapewa shukrani. Mhubiri mmoja mpita njia akasema ni uchawi. Alipopewa chakula cha mchana na Mzee Awil, akasema ni mazingatio. Kijana mmoja wa ofisi alidai ni alama ya siri ya ukoo fulani na akataka iondolewe, si kwa sababu ya Bi Saynab, bali kwa sababu ukoo haukuwa wake. Mwaka 1994 iliundwa Kamati ya Kuhifadhi Konokono, Mzee Awil akiwa mwenyekiti. Bi Saynab alikwenda kwenye kikao cha kwanza kueleza kwamba mawe ni yake. Mwenyekiti alimwambia, “Mama, chai iko tayari?” Kumbukumbu za kamati zinasema kikao kilikwenda vizuri.

Mwaka 1995 alikuja mtaalamu wa sanaa kutoka Nairobi. Alivua soksi, akauzunguka mzingo polepole, akafika katikati, akalia. Baadaye aliandika kwamba hapa Habaswein mfugaji amechora safari ya roho kuelekea kisima kilicho ndani yake. Alikunywa vikombe viwili vya chai kwa Bi Saynab, mita chache kutoka kwenye safari hiyo ya roho, na hakumuuliza chochote. Bi Saynab alikuwa anakunja unga wa chapati kwa mzingo, kama afanyavyo kila asubuhi, na wala roho yake haikuonekana ikisafiri.

Kwa kuwa wengi hapa bado wanauliza Konokono ina maana gani, ni vizuri swali hilo lijibiwe mara moja. Konokono huzungusha gamba kwa sababu upande mmoja wa mdomo wake hukua haraka kuliko mwingine. Pembe ya tandala hujisokota kwa sababu kama hiyo. Vumbi huzunguka kwa sababu hewa ya moto hupanda na ya pembeni hukimbilia nafasi yake. Msukaji wa haan huanza na mzingo kwa sababu kitako chenye tundu hakishiki maziwa. Kwamba umbo moja limetosha kazi nyingi namna hii ni jambo la kumshukuru Muumba. Halihitaji kamati. Mwalimu mwenyewe alilijua hili, na kwa miaka zaidi ya ishirini alilifundisha hivyo hivyo, kwa kipande cha chaki, na watoto wakaelewa.

Kilichomharibu ni kusikilizwa na watu wazima. Baada ya kustaafu alianza kuvaa kanzu nyeupe kila siku na kuzungumza taratibu, kama mtu anayesubiri kuandikwa. Aliona mzingo katika kila kitu: katika mkutano wa wazee, katika bei ya mbuzi, katika ndoa za watu. Aliwaambia mahujaji watarajiwa kwamba tawafu nayo ni mzingo, kwa kuwa mtu huingia kutoka nje na kutoka tena. Sheikh Abdullahi wa msikiti wa Ijumaa alimjibu kwa upole:

“Maalim, tawafu inaanzia jiwe moja na inaishia jiwe hilo hilo. Hiyo unafundisha wewe ni ya mtu amepotea.”

Mwalimu alikwenda zake nyumbani. Kesho yake alirudi barabarani, na wageni walikuwepo.

Nyumbani alikuwa mpole. Hakuwahi kumpiga mke wala mtoto, na hakuoa mke wa pili. Haya ni mema na yanatajwa. Alikula chakula cha Bi Saynab na kulala chini ya mikeka yake, na kila mvua ilipopenya alihamisha kitanda. Alieleza kwa ufasaha jinsi konokono anavyojijengea nyumba kidogo kidogo bila kuitupa ya jana. Mkewe alikuwa akifanya hivyo hivyo kwa jiwe moja moja, na yeye ndiye aliyemkatisha.

Mafuriko yalifika Novemba 1997. Kila aliyekaa hapa anayakumbuka, hakuna haja ya kuyaeleza. Kibanda cha Bi Saynab kilikwenda na maji, pamoja na mikeka, sufuria na lile gamba la Pwani. Siku ya pili Mzee Awil alifika na koleo, amefunga kikoi juu ya magoti, akifuatana na wanakamati wawili. Bi Saynab alikuwa amesimama ndani ya maji akiokoa debe.

“Saynab, Konokono iko salama?”

“Konokono ana nyumba, Awil. Niulize mimi.”

Hawakumuuliza. Waliyachokora matope, wakayakuta mawe, wakamshukuru Mungu, wakarudi.

Maji yalipopungua Bi Saynab alijenga kibanda kingine, kisha ikaja malaria. Mwalimu aliugua mwisho wa Januari 1998. Tarehe 9 Februari alipelekwa Garissa kwa ndege iliyoleta chakula cha msaada, pamoja na Bi Saynab na mdogo wa Mwalimu, Bwana Abdow Alio. Wauguzi walimhudumia kwa bidii na familia inawashukuru. Homa ilipanda na kushuka. Jioni ya tarehe 12 ilishuka, akaomba chai, na Bi Saynab akaona ni wakati.

“Yakub, nataka mawe.”

“Mawe, Saynab, yanatufundisha kwamba…”

“Mimi sitaki fundisho. Nimefundishwa miaka saba. Nataka mawe.”

Bwana Abdow anasema kaka yake aliweka kikombe chini.

“Ni yako,” akasema. “Ilikuwa yako tangu mwanzo. Waambie.”

“Nimewaambia. Walitaka wasikie kwako.”

“Abdow, basi sikia wewe. Mawe ni ya Saynab.”

“Kwa nini hukusema siku ile, walaal, ndugu yangu?” akauliza Bwana Abdow.

“Niliona haya. Walikuwa wananitazama vile. Ningesemaje nimechukua mawe ya mwanamke?”

Katika yote aliyowahi kusema kuhusu Konokono, hayo ndiyo pekee yanayostahili kuhifadhiwa. Familia inamheshimu kwa kuyasema. Ingemheshimu zaidi kama angeyasema akiwa amesimama, mchana, mbele ya Mzee Awil. Mwalimu Yakub Alio alifariki Jumamosi tarehe 14 Februari 1998, asubuhi, akazikwa Garissa baada ya sala ya alasiri.

Barabara ilipofunguka, Bwana Abdow alimpelekea Sheikh Abdullahi maneno hayo. Sheikh alijibu bila kusita kwamba mtu hawezi kuweka wakfu kitu ambacho si chake, wala wasafiri hawawezi kumwekea wakfu. Waliosali pale, sala zao Mungu ndiye mpokeaji. Mawe yarudi kwa mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini hukumu hiyo haikutolewa mwaka 1991, Sheikh alisema, “Nani aliniuliza? Waliniuliza kama ni uchawi. Nikasema si uchawi.”

Wiki iliyopita kamati iliiomba familia iweke katika wasifu huu sentensi isemayo kwamba marehemu aliwaachia watu wa Habaswein Konokono kama urithi wa vizazi. Mzee Awil alikuja mwenyewe.

“Ni sentensi moja tu,” alisema. “Itamfanya mkubwa.”

“Adeer,” akajibu Ramla, binti wa marehemu, akimwita ami kwa heshima, “ukubwa wake umekaa kwa nyumba ya hooyo, mama yangu, tangu niko shule. Sasa uondoke.”

Mzee Awil alisema vijana wa leo hawana heshima. Karatasi za hitima zimekwisha kuchapishwa na mnazo mikononi. Sentensi hiyo haimo.

Marehemu ameacha mjane, Bi Saynab Abdullahi. Watoto watatu, Amran wa Garissa, Abdiwali ambaye ni dereva wa lori, na Ramla, mwalimu wa shule ya msingi Bura. Mdogo wake, Bwana Abdow Alio. Na wajukuu watano. Ameacha pia wanafunzi wengi, kutoka Bura hadi hapa, ambao hadi leo hawawezi kuona kitako cha chombo bila kukigeuza. Wao ndio waliompata akiwa mzima.

Mola amsamehe yale aliyoyanyamazia, ampanulie kaburi lake, na amlipe kwa kila mtoto aliyemfungua macho.

Jumamosi tarehe 9 Mei, baada ya sala ya alfajiri, mawe yataondolewa kando ya barabara na kupelekwa kwenye kiwanja cha Bi Saynab. Abdiwali ataleta lori. Fundi amefika kutoka Wajir tangu jana, na msingi utachimbwa siku hiyo hiyo.